MENO YA MBWA: WATU 300 WALIOPASUA MAWE KUTENGENEZA UWANJA WA GOFU WA MASTAA

Viwanja vya gofu vya kando ya bahari vipo vingi duniani, ila huu una habari yake. Unaitwa Teeth of the Dog, Meno ya Mbwa, na upo La Romana, pwani ya kusini ya Jamhuri ya Dominika, ndani ya eneo la kitalii la Casa de Campo. Mchezaji akifika shimo la 5 anaikuta bahari ya Karibi ipo kushoto kwake, mawimbi yanapasuka kwenye miamba hatua chache tu kutoka aliposimama. Mpira inabidi uruke juu ya maji ndo utue kwenye kipande kidogo cha majani. Upepo ukiamua kuusukuma pembeni, basi tena, mpira huo ni wa samaki. Na watu wanalipa mamia ya dola kwenda kupoteza mipira pale, halafu wanarudi nyumbani wanachekelea.

Uwanja una mashimo 18. Kati ya hayo, 7 yapo ubavuni kabisa mwa bahari: la 5 mpaka la 8 wakati wa kwenda, na la 15 mpaka la 17 wakati wa kurudi. Mmarekani aliyeuchora, marehemu Pete Dye, alikuwa na msemo wake kuhusu hilo: kwamba yeye alitengeneza mashimo 11 tu, hayo 7 ya baharini aliyatengeneza Mungu. Msemo mtamu, na mpaka leo kila anayeandika kuhusu uwanja huu lazima auweke.

Tatizo ni kwamba msemo huo umeruka watu. Katikati ya Mungu na Pete Dye walikuwepo vibarua kama 300 wenye nyundo, na hayo mashimo 7 ndiyo yaliyowatoa jasho kuliko yote.

Turudi nyuma kidogo. La Romana ni mji wa sukari. Kiwanda chake kikubwa kilianza miaka ya 1910, na kwa miongo mingi maisha ya pale yalikuwa ni miwa tu. Wakataji wengi walitoka nchi jirani ya Haiti, wakiishi kwenye makambi katikati ya mashamba, kwenye ujira mdogo na maisha magumu. Mwaka 1965 nchi iliingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na majeshi ya Marekani yakatua. Miaka miwili baadaye, 1967, kampuni ya Kimarekani ya Gulf+Western ikanunua biashara ile ya sukari, pamoja na ardhi yake. Wapenzi wa muvi wanaijua kampuni hii hata kama hawajui kama wanaijua: ndiyo iliyokuwa inamiliki Paramount Pictures wakati The Godfather inatoka mwaka 1972. Yaani pesa za sukari na pesa za Hollywood zilikuwa mfuko mmoja.

Bosi wa kampuni, Charles Bluhdorn, aliona kwamba pwani ile inaweza kuingiza watalii. Pete Dye akapewa kazi ya uwanja. Jamaa alikuwa ameuza bima kabla ya kuingia kwenye fani ya kuchora viwanja, na mke wake Alice, mchezaji mzuri sana wa gofu, alikuwa anachora naye bega kwa bega. Alice naye ni wa kukumbukwa hapa, maana ndiye aliyetoa wazo la kile kijani maarufu kilichozungukwa na maji kule Sawgrass, Florida, ambacho dunia nzima inampa sifa mumewe.

Sasa ile pwani. Mtu asidhani ni ufukwe wa mchanga mweupe kama wa kwenye kalenda. Ni miamba ya matumbawe yaliyokufa zamani, yamekauka, yameliwa na chumvi mpaka yamechongoka. Ukipita bila viatu yanakuchana. Udongo wa kuoteshea majani pale juu hakuna. Kwa kawaida uwanja wa gofu unatengenezwa na mashine: katapila linasukuma ardhi, malori yanaleta kifusi, kazi inaisha. Hapa mashine zilikuwa chache na sehemu kubwa ikafanywa na mikono. Watu wakashika nyundo kubwa, sururu, tindo na mapanga, wakaanza kupasua mwamba kipande kwa kipande chini ya jua la Karibi. Palipotakiwa kuwa tambarare, pakapondwa. Udongo ulibebwa na mikokoteni ya ng'ombe kutoka ndani, ukachanganywa na tope linalobaki kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Majani nayo yakapandikizwa kwa mkono, chipukizi kwa chipukizi, kama mtu anavyopanda mpunga.

Kwa hiyo yale majani ya kijani ambayo mchezaji wa leo anayakanyaga na viatu vyake vyeupe yameota juu ya mabaki ya miwa. Sijui niseme nini, acha liende hivyo? Hapana, liseme lenyewe: hata tope la kiwanda lina historia inayojulikana kuliko ya watu waliolibeba.

Uwanja ulifunguliwa 1971. Na jina lake la kwanza halikuwa la mbwa, uliitwa Cajuiles, maana yake mikorosho, mti ule ule wanaoutegemea watu wa Mtwara na Lindi. Jina hilo halikudumu. Wenyeji wa pale wana neno lao la mwamba ule uliochongoka, "diente de perro", jino la mbwa. Vibarua walikuwa wanalitumia kila siku wakiwa kazini, kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa kinawang'ata. Dye akalisikia, akalipenda. Likatafsiriwa Kiingereza, likawa jina linalouza uwanja dunia nzima.

Umaarufu haukuchelewa. Mwaka 1974 yakachezwa pale mashindano ya dunia ya timu za ridhaa, Eisenhower Trophy, Marekani wakachukua. Kikosi chao kimeandikwa vizuri kabisa: Jerry Pate, Curtis Strange, Gary Koch na George Burns. Pate akaja kuchukua US Open miaka miwili baadaye, Strange akaichukua mara mbili mfululizo, 1988 na 1989. Mwaka 1982 eneo lile likapata na ukumbi wa wazi wa mawe wa Altos de Chavón, wenye viti kama 5,000, uliozinduliwa na Frank Sinatra na Santana wakapiga shoo. Na yale mawe ya Altos de Chavón pia yalichongwa na mafundi wa Kidominika, kwa mkono.

Ukiangalia orodha za viwanja 100 bora duniani, Meno ya Mbwa huwa haukosekani. Majina ya waliocheza yapo, ya washindi yapo, ya aliyechora yapo. Waliopasua mawe wanatajwa kwa hesabu tu: kama 300. Hata hiyo "kama" inaonyesha kwamba hakuna aliyejisumbua kuhesabu vizuri.

Siku hizi mgeni haruhusiwi kuingia uwanjani peke yake, lazima atembee na kedi wa pale. Kedi ndiye anayejua upepo wa shimo la 7, ule unaotoka baharini na kuufanya mpira uliopigwa vizuri ukatue kwenye miamba. Ndiye anayemwambia mgeni apige juu ya maji, upepo utaurudisha, na mgeni anamwangalia kama vile kachanganyikiwa. Kwenye kadi ya alama imeandikwa Teeth of the Dog. Makedi wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanauita Diente de Perro, vile vile walivyouita waliokuwa na nyundo.