Kichwa cha Lusinga na Kichwa cha Msiri: Juu ya Maulizo ya Watu na Mashahidi wa Historia

Kila mwalimu wa dini aliyekaa mwaka mmoja katika kijiji ayajua maulizo haya. Fundisho limekwisha, watu wanainuka kwenda zao, na mzee mmoja anabaki. Hataki kuuliza juu ya Utatu Mtakatifu. Auliza: «Je, ni kweli kwamba Wazungu walikata kichwa cha Msiri? Wakakipeleka wapi?» Vijana nao wauliza: «Nani alijenga Mpala, Mapadri ao askari? Tippu Tip alipataje utawala wa nchi ya watu? Na juu ya udongo huu wetu, ni ukoo gani uliotangulia kufika?»

Wengine kati yetu wanayacheka maulizo hayo, kwani wanayaona kuwa ya kupoteza saa. Wengine wanajibu upesi upesi, kusudi wasionekane wajinga mbele ya watu. Njia zote mbili ni mbaya. Yule anayecheka amefunga mlango, na mzee hatarudi tena. Yule anayejibu upesi afanya vibaya zaidi, kwani neno la padri ao la mwalimu halibaki kanisani. Likisemwa siku ya Mungu, kesho yake latajwa mbele ya baraza la chifu: «Padri mwenyewe amesema.» Na katika baraza lile watu hawachezi. Juu ya neno hili «nani alitangulia» wanagawanya mashamba, wanachagua chifu, wanamfukuza jirani. Sisi sote twajua katika nchi yetu maneno ya namna ile yamezaa nini.

Basi, inafaa tujifunze kujibu kwa haki. Historia yasimama juu ya mashahidi, sawasawa na hukumu. Hakimu mwema hamwulizi shahidi kama ana sauti nzuri. Amwuliza mambo matatu: Wewe ulikuwako, ao ulisikia kwa mwingine? Ulisema ao uliandika wakati gani, siku zilezile ao nyuma ya miaka mingi? Na kwa kusema hivi wapata faida gani, ao hasara gani? Tutwae maulizo mawili yanayofanana, tuone namna maulizo haya matatu yanavyofanya kazi.

La kwanza ni juu ya Lusinga. Mwaka 1883, Storms, afisa Mbelgiji aliyetumwa na Association Internationale Africaine ya Mfalme Leopold II, alijenga boma lake Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Boma. Katika milima ya karibu alitawala Lusinga, chifu wa Watabwa, mwenye bunduki na mwenye kufanya biashara ya watumwa. Wafalme wawili hawakai juu ya mlima mmoja. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakakata kichwa chake wakamletea bwana wao. Mwaka uliofuata Storms aliitwa kurudi Ulaya, na Mpala ikapewa Mapadri Weupe. Hivi ulizo la vijana juu ya Mpala lina jibu: askari alijenga, Mapadri walipokea.

Na kichwa? Twaweza kukifuata hatua kwa hatua. Storms mwenyewe aliandika katika daftari zake, na karatasi zake zimetunzwa katika jumba la vitu vya kale la Tervuren. Mwaka 1886, katika mji wa Bruxelles, wataalamu walivipima vichwa vitatu alivyovileta: cha Lusinga, cha Maribu na cha Mpampa, wakaandika vipimo vyao. Nyuma ya kufa kwake Storms, mwaka 1918, vitu vyake vilibaki kwa mke wake. Katika miaka ya 1930 na kitu mjane huyo alivitoa kwa jumba la Tervuren, na pamoja navyo sanamu ya mti ya wazee wa Lusinga. Mwaka 1964 vichwa vikahamishwa kwenda katika nyumba ya elimu ya viumbe, katika mji wa Bruxelles. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa gazeti la Ubelgiji aliyaeleza haya yote mbele ya watu, na wengi wakaona haya.

Tuangalie vema: mashahidi hawa ni wenye kutenda jambo lenyewe. Waliandika siku zilezile. Tena hawakuwa na faida ya kujisingizia uovu ule. Kwa hiyo mwalimu wa Mpala ao wa Moba akiulizwa, aweza kujibu wazi: ni kweli, na njia yake ni hii.

Lakini juu ya vita yenyewe, juu ya tabia ya Lusinga na sababu za ugomvi, karatasi za Storms ni ushuhuda wa adui yake. Watu wa Lusinga hawakuandika. Walisema kwa kinywa, na watoto wao wakashika. Mwamerika mmoja, Allen Roberts, alikaa kati ya Watabwa katika miaka ya 1970 na kitu, akasikiliza masimulizi yao, kiisha mwaka 2013 akatoa kitabu kinachoyaweka masimulizi hayo kando ya maandiko ya Storms. Pale ndipo tunaona kwamba karatasi peke yake yachechemea kama mtu wa mguu mmoja.

Ulizo la pili ni juu ya Msiri. Msiri, mwana wa Kalasa, alikuwa Msumbwa, mtu wa pande za Tabora. Alikuja Katanga kwa biashara, akawa mfalme wa Garenganze, mji wake Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapiteni Bodson, Mbelgiji wa safari iliyoongozwa na Stairs, mtu wa Kanada aliyeitumikia kazi ya Leopold II. Bodson naye alipigwa risasi palepale, akafa. Mpaka hapa mashahidi wanapatana.

Juu ya kichwa wanaachana. Daktari wa safari ile, Moloney, alitoa kitabu London mwaka 1893. Aieleza vita, lakini kukatwa kwa kichwa hakutaji. Mwenzake Mfaransa, de Bonchamps, aliandika Ulaya kwamba walikikata, wakakisimamisha juu ya mti mbele ya watu kusudi waogope. Crawford, mhubiri Mprotestanti aliyeijua sana nchi ile, naye alitaja jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1912; lakini yeye hakuwa kambini siku ile, alisikia kwa wengine. Wayeke nao wameshika neno lao: mwili pasipo kichwa.

Tumsadiki nani? Mwanafunzi wa haraka atasema: mmoja asema ndiyo, mwingine anyamaza, basi hatujui kitu. Sivyo. Kunyamaza kwake Moloney si shahada, kwani alikuwa na sababu ya kunyamaza: alitaka wasomaji wa Ulaya waione safari kuwa ya heshima. De Bonchamps alikuwako, tena alisema neno lililowaaibisha wenzake na yeye mwenyewe. Mtu anayesema juu ya aibu yake mwenyewe yafaa kusikilizwa kuliko anayeificha. Na neno lake lapatana na neno la Wayeke, waliokuwa adui zake siku ile. Mashahidi wawili wasiopendana, wasiofanya shauri pamoja, wakisema neno moja, hakimu aandika.

Halafu kichwa kilikwenda wapi? Masimulizi ni mengi. Wengine wasema kilitiwa katika kopo la petroli. Wengine wasema kilizikwa njiani. Wengine wasema kiliwaua wote waliokichukua, na Stairs aliyekufa kwa homa huko Chinde mwezi wa Juni 1892 ni mmoja wao. Masimulizi haya yanapingana, na hakuna hata moja linalotoka kinywani mwa aliyekichukua. Basi, jibu letu lasimama pale penye mti wa kambi. Lusinga tunamfuata mpaka Bruxelles, kwani karatasi ziko. Msiri tunamfuata mpaka pale mashahidi wanapoishia, hata kama mzee atatamani tuongeze. Mwalimu asitie kichwa cha Msiri katika sanduku la Lusinga, ati kwa kuwa mambo haya mawili yanafanana. Hivyo ndivyo uongo mwingi unavyozaliwa: hautokani na roho mbaya, watokana na haraka ya kujaza pengo.

Kumbe hata masimulizi ya wazee yataka kupimwa. Tippu Tip atufundisha jambo hili kuliko wote. Mbele ya mwaka 1874 alipata utawala wa Utetera kwa Kasongo Rushie pasipo vita kubwa. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba ndugu za kike za chifu huyo mzee walitekwa zamani wakachukuliwa mbali. Akajidai kuwa mjukuu wa mmoja wao. Chifu akafurahi kumpata mtoto wa dada yake, akamwachia nchi. Mambo haya ayasimulia Tippu Tip mwenyewe katika habari za maisha yake, zilizotolewa Ujerumani na Heinrich Brode mwanzo wa karne ya 20. Zimeandikwa kwa Kiswahili, nasi twaweza kuzisoma bila mkalimani. Ukoo wa uongo ulimpa mgeni nchi nzima! Kama Kasongo Rushie angalimwuliza maulizo yetu matatu, zaidi lile la faida, pengine Watetela wangaliona mambo mengine.

Wengine watasema: «Kazi yetu ni roho za watu, mambo ya vichwa na ya machifu tuwaachie wenye elimu.» Lakini Mtakatifu Luka, mbele ya kuandika Injili, alichunguza kwanza, akawafuata wale walioona kwa macho; asema hivyo katika maneno yake ya kwanza. Na Kanisa halikupoteza kitu kwa sababu ya kweli. Kwa muda wa miaka mingi watu walishika karatasi moja iliyosema kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa Silvestri utawala wa Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla alionyesha kwamba Kilatini cha karatasi ile kina maneno yasiyokuwako wakati wa Konstantino. Karatasi ilianguka, Kiti cha Petro hakikuanguka. Nyuma yake Papa Leo XIII alifungua nyumba ya maandiko ya Vatikano kwa wataalamu mwaka 1881, na mwaka 1883 akawataka waandishi wa historia wakimbie uongo na pia woga wa kusema kweli. Hivi hata tukiulizwa juu ya Bwana Boma, tusiogope ati kwa kuwa misioni ilirithi nyumba yake.

Mwisho, tuseme juu ya kazi ya mikono yetu. Twadhani mashahidi wa historia wamo Tervuren na London tu. Lakini katika kabati ya misioni yako mna kitabu cha ubatizo: majina, vijiji, wazazi, wasimamizi, tarehe. Katika misioni za Mapadri Weupe kulikuwa na desturi ya kuandika kila siku habari za misioni: mvua, magonjwa, machifu waliofika, vita. Mchwa hula karatasi hizo bila kuuliza padri. Tuzifunike vema, tuziondoe penye unyevu, tusiziazime ovyo.

Na wazee? Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1917, hakungoja mgeni amwulizie babu zake. Aliandika mwenyewe juu ya mawazo na desturi na habari za watu wake, na leo wenye elimu wa nchi zote wanasoma aliyoyaandika. Hata watu wasiosoma sana wameweza: mwaka 1965 André Yav pamoja na wenzake, waliokuwa mabohi katika nyumba za Wazungu wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili. Tarehe zao nyingine zimepotea njia. Lakini namna walivyoishi, walivyoitwa, walivyokula, hakuna Mzungu aliyeweza kuisema mahali pao.

Basi, mzee akibaki nyuma ya fundisho na kuuliza juu ya kichwa cha Msiri, tumkaribishe. Tumweleze tunayoyajua na shahidi wake. Kiisha tumgeuzie ulizo: «Nawe, baba, ulisikia nini, na kwa kinywa cha nani?» Tuandike jina lake, jina la yule aliyemsimulia, kijiji, siku na mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema, pasipo kuyatengeneza. Kama mwenzake wa ukoo mwingine asema mbali, tuandike hayo nayo, karatasi mbili kando kando, pasipo kuchagua leo. Atakayekuja nyuma yetu atapima. Na kazi hii yataka ianzwe mwaka huu, kwani mzee huyu hatamngoja mwaka hata mwaka.