Buzwagi ilivyofungwa, bomba lilivyopita Chato

Septemba 13, 2020, Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni walikutana Chato, mkoani Geita, wakatia saini makubaliano ya kuharakisha bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Bomba linakatiza mikoa minane, Geita na Shinyanga ikiwamo, likipashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa.

Wino wa Chato ulipokauka, upepo duniani ulikuwa ukigeuka. Novemba 2021, mjini Glasgow, Denmark na Costa Rica zilizindua umoja wa nchi zinazotaka kukomesha uchimbaji wa mafuta na gesi. Septemba 2022, Vanuatu ilidai mkataba wa kimataifa wa kuachana na nishati za kisukuku, na mwezi huohuo Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga bomba la Hoima. Kampala iliwaka kwa hasira. Hasira hiyo ilikuwa na haki yake: Ulaya imechoma makaa ya mawe zaidi ya karne mbili, na Uganda haikuwa imeuza hata pipa moja. Mwaka 2023, huko Dubai, mataifa yalikubaliana kuachana na nishati hizo kwa haki.

Kwa haki vipi? Watu wa Kahama, mkoani Shinyanga, wameshaonja jambo linalofanana na hilo.

Mkataba wa mgodi wao wa dhahabu, Buzwagi, ulisainiwa London mwaka 2007, na mbunge Zitto Kabwe aliyeuhoji bungeni akasimamishwa ubunge kwa muda. Uzalishaji ulianza 2009, ukakoma 2021. Miaka kumi na miwili tu! Kisheria, mgodi huipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake. Mgodi ukizimwa, fungu hilo nalo huzimika, na mama lishe na mwenye vyumba vya kupangisha huhisi siku hiyohiyo. Serikali na kampuni ya Barrick, mwenye mgodi, waliamua eneo liwe ukanda maalumu wa kiuchumi, na mwaka 2024 chuo cha kuwanoa wasimamizi wa migodi kikafunguliwa palepale. Ni hatua njema, ila mpango wa namna hiyo ulistahili kuwa mezani tangu London.

Somo hilo linaihusu pia Sojo, wilayani Nzega, ambako kiwanda cha kuyavika mabomba ya Hoima kinga ya joto kilizinduliwa Machi 2024. Kazi ya kiwanda cha aina hiyo huisha bomba la mwisho likishavikwa.