Bastola, Swala na Babu Yangu: Nani Aliitwa Mwindaji, Nani Akaitwa Jangili

Wasee, leo tuongee pole pole. Wiki iliyopita kuna video ilizunguka kwa simu za watu hapa Obunga. Mzee wa Marekani amekaa juu ya mti, bastola mkononi. Swala mmoja anapita chini, pa! Ameanguka. Mzee anatabasamu, anapiga picha akiwa amemshika pembe. Kabla sijamaliza kuiangalia, inbox ilikuwa imejaa. Na mmoja wenu, mtu namjua vizuri, tumekula mgongo wazi sahani moja, akaniandikia: "Omera, kuna mtu anaweza tupea ka-bastola. Twende Ruma tushoot kontenti kama hii. Tutatoka na hii maneno."

Sikumjibu usiku huo. Namjibu hapa, kwa sababu najua si yeye pekee aliyefikiria hivyo, na kwa sababu hii stori ilipitia nyumbani kwetu kabla mimi sijazaliwa.

Kuna wale watasema, wewe si uliacha chuo mwaka wa pili, historia umetoa wapi? Historia ndiyo nilikuwa nasoma. Kilichoisha ni karo.

Tuanze na bastola yenyewe. Ile kwa video ni nusu-otomatiki. Maana yake, ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, halafu nguvu ya ule mlipuko inarudisha chuma cha juu nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda kutoka kwa magazini. Ukivuta tena, inatoka tena. Huhitaji kukoki kila mara. Teknolojia hii ilikomaa miaka ya 1890, na moja ya zile za kwanza kuuzwa sana ilikuwa Mauser C96 ya Ujerumani, ya mwaka 1896.

Sasa sikiza. Kijana mmoja Mwingereza alinunua hiyo Mauser akaenda nayo Sudan. Tarehe 2 Septemba 1898, kwa vita vya Omdurman, akaitumia kupiga watu akiwa juu ya farasi, kwa sababu bega lake lilikuwa na shida na hangeweza kutumia upanga vizuri. Jina lake Winston Churchill. Miaka 9 baadaye, 1907, huyo huyo alikuja kwetu akiwa naibu waziri wa makoloni. Akapanda reli ya Uganda kutoka Mombasa, akawinda njiani, akafika hapa Kisumu, akavuka ziwa kwenda Entebbe. Alipotaka kuua kifaru alichukua bunduki ndefu. Bastola ni kitu kilichotengenezwa kwa mwili wa binadamu aliye karibu. Mtutu ni mfupi, risasi inatoka na mwendo mdogo kuliko ya raifo, na ukiwa mbali kidogo tu unajeruhi mnyama badala ya kumuua. Hata hao Wamarekani wanaowinda nayo wana masharti: majimbo mengi yanasema ni risasi za aina gani zinaruhusiwa, na mwindaji mwenye akili anangoja mnyama asogee karibu kabisa. Wengine hutumia risasi kubwa ya milimita 10, iliyotoka miaka ya 1980, kwa sababu bastola ya kawaida haitoshi kwa mnyama wa ukubwa huo.

Kwa hivyo kwa historia yetu, bastola haikuwa silaha ya kuwinda. Swali langu ni lingine: kati ya wale waliowinda hapa, nani alikubaliwa?

Mwaka 1900, mataifa yenye makoloni Afrika yalikaa London yakaandika mkataba wa kuhifadhi wanyama pori. Hakuna Mwafrika aliyeketi pale. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kutumika rasmi, lakini mawazo yake yaliingia kwa sheria za makoloni. Ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea wanyama yadhibitiwe. Sasa jiulize, nani alikuwa anawinda kwa nyavu na mashimo? Na nani alikuwa na raifo?

Halafu kukawa na leseni. Kwa koloni letu, leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50. Kwa pesa ya wakati huo hiyo ni rupia 750. Kodi ya nyumba ambayo wazee wetu walilazimishwa kulipa ilikuwa rupia 3 kwa nyumba moja. Piga hesabu: leseni moja ni sawa na kodi ya nyumba 250. Karatasi haikuhitaji kuandika "Waafrika hawaruhusiwi". Bei ilishasema.

Aliyelipa alipewa heshima. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kijana wake Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17. Safari iliitwa ya sayansi, na kweli vielelezo vilipelekwa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian. Aliporudi akaandika kitabu. Hakuna aliyemwita jangili.

Jangili alikuwa nani? Alikuwa Mwatha wa kule Tsavo, mwenye upinde mzito na mshale wa sumu, ambaye babu zake walikula tembo kabla hakujakuwa na kitu kinaitwa Kenya. Miaka ya 1950, baada ya Tsavo kufanywa mbuga, wanaume wengi wa jamii hiyo walishikwa wakatupwa jela. Na kwetu kando ya ziwa, jangili alikuwa mtu mwenye mkuki, rungu na mbwa wawili.

Kama babu yangu.

Kwetu kuwinda kunaitwa dwar. Ndiyo maana kuna watu wanaitwa Odwar. Haikuwa mchezo wa mtu mmoja kukaa juu ya mti. Wanaume walitoka wengi, na mbwa, wengine wakifukuza, wengine wakingoja, na nyama iligawanywa kwa utaratibu unaojulikana. Kwa Bonde la Lambwe, Homa Bay, ambako babu alikulia, wanyama walibaki wengi kwa sababu mbung'o na ugonjwa wa malale vilifukuza watu. Mwaka 1966 serikali ikalifanya hifadhi, sana sana kwa ajili ya korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Katikati hapo, Mei 1977, Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, hata wa matajiri. Mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi na vitu vya wanyama. Mpaka leo sheria ni hiyo, na ile ya 2013 inakataza kuwinda kwa starehe na pia kuwinda kwa ajili ya chakula. Kilichobaki ni ndege wachache, kwa kibali.

Babu hakuwa anasoma gazeti la serikali. Miaka michache baada ya Ruma kuwa mbuga, alikutwa na nyama ya tohe, swala mdogo wa nyasi. Hakukuwa na bunduki, ilikuwa mkuki na mbwa. Faini ilikuwa kubwa kuliko uwezo. Ng'ombe wawili waliuzwa, haikutosha, akakaa ndani miezi. Baba yangu alikuwa darasa la sita. Hakurudi shule. Baadaye akaja Kisumu kutafuta kibarua, akapanga chumba Obunga, na hapo ndipo mimi nilizaliwa.

Babu aliniambia hii stori mara moja tu. Sikumsikia akilaumu mbuga. Kilichomuuma ni lile neno. "Kwaru," nilimwita hivyo, "walikuita nini?" Akasema, "Mwizi. Ya kwamba nimeiba kitu ambacho nilikizaliwa nikakikuta."

Sasa hapa ndipo wengi mtataka nimalize: wazungu walikula, sisi tukafungwa, basi turudishiwe haki ya kuwinda. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini kuna namba nyingine.

Sensa ya wanyama pori ya 2021 ilihesabu korongo 15 Kenya nzima. Kumi na tano. Wote walikuwa Ruma. Hiyo ni chini ya abiria wa matatu ya viti kumi na nne ikibeba vile hubeba huku kwetu. Na mwanasayansi wetu Joseph Ogutu na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba tangu 1977, mwaka ule ule wa marufuku, wanyama pori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Walitaja watu kuongezeka, mifugo, ua na mashamba, ujangili, na sera mbovu. Maana yake marufuku peke yake haikuokoa wanyama, lakini pia hawa waliobaki si wa kugawana. Nyaya za mitego bado zinategwa. Ile dwar ya babu ilitegemea wanyama wengi na watu wachache. Leo ni kinyume.

Marekani wenyewe karibu wamalize swala wao. Wakaweka misimu, idadi, walinzi, na tangu 1937 kuna ushuru kwa bunduki na risasi unaoenda kutunza wanyama. Yule mzee wa kwenye video ana karatasi, ana msimu, ana mamilioni ya swala. Wewe una nini, omera? Una bastola isiyo na leseni na wanyama wachache kabisa.

Na hebu tuongee ukweli kuhusu bastola hapa mtaani. Obunga tunajua sauti yake. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliandika kuhusu watu wa Kisumu waliouawa kwa risasi za polisi. Ukishikwa na hicho chuma hakuna atakayekuuliza kama ilikuwa ya swala. Utaitwa jambazi kabla hujafungua mdomo, na picha yako itazunguka kuliko video yoyote uliyowahi kutengeneza.

Hapa kwetu tumezoea kupewa mabaki. Mbuta anavuliwa ziwani kwetu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mifupa inakuja Obunga, mama zetu wanaikaanga, tunaiita mgongo wazi na tunaipenda. Uwindaji ulikwenda hivyo hivyo: wengine walikula nyama, sisi tukabaki na jela. Hasira yako naielewa. Lakini kumuua korongo mmoja wa hao wachache hakumrudishii babu ng'ombe wake wawili.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, siendi. Nikikuja Ruma nitakuja na kamera, kupitia geti, na nitaanza na wazee wa Lambwe waliokuwa kwa dwar. Wanaisha haraka kuliko korongo. Ukitaka kontenti, beba maikrofoni twende. Nauli tutachanga.