Mjumbe Hauawi, Ila na Aliyemtuma

Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hii humkinga mjumbe dhidi ya hasira za mwenyeji asiyeupenda ujumbe alioletewa. Haimkingi na hasira za yule aliyemtuma. Historia ya diplomasia ya Marekani inatufundisha kwamba hatari hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, na kwamba hasara yake haiishii kwa mjumbe peke yake.

Tuanze na tukio la kwetu. Mwezi Januari 1965, Serikali ya Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani: Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam. Mazungumzo yao ya simu yalikuwa yamenaswa, nayo yakafasiriwa kuwa ni njama. Washington ilikanusha ikamwita nyumbani balozi wake. Tanzania nayo ikamwita wa kwake. Je, Carlucci alipoteza nini? Karibu hakuna. Muongo mmoja baadaye alikuwa balozi nchini Ureno, ambako alithubutu kupingana na Henry Kissinger, aliyekwisha kukata tamaa kwamba nchi hiyo ingeangukia mikononi mwa wakomunisti. Mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi. Alifukuzwa na mwenyeji, lakini nyumbani alikuwa na mahali pa kurudi.

Tofauti na hiyo ni hali ya mjumbe anayepigwa na wa kwao. Hapa tuweke jambo moja wazi: balozi wa Marekani hushika nafasi yake kwa ridhaa ya Rais, na Rais anaweza kumwita nyumbani wakati wowote. Mamlaka hayo hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni sababu ya kuyatumia, na njia inayopitiwa.

Wamarekani walijifunza mapema ubaya wa kuugeuza utumishi wa nje kuwa tunzo ya kisiasa. Mwaka 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba mchango wake katika kampeni ulimstahilisha kupewa ukonseli wa Paris. Miaka miwili baadaye ikapitishwa Sheria ya Pendleton, iliyoanza kuajiri watumishi wa umma kwa sifa na mitihani. Mwaka 1924 Sheria ya Rogers ikaunganisha utumishi wa kibalozi na wa kikonseli, ikaweka kada ya wanadiplomasia wa taaluma. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleza: serikali hubadilika, lakini mtaalamu hubaki, na kazi yake ni kueleza anachokiona.

Ahadi hiyo ilivunjwa vibaya katika miaka ya 1950. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa kama John Service na John Paton Davies walikuwa China. Waliandika kwamba serikali ya Chiang Kai-shek ilikuwa inaozeshwa na rushwa na kukimbiwa na wananchi, na kwamba wakomunisti wa Mao walikuwa wakipata nguvu. Mwaka 1949 yakatimia. Badala ya kuwashukuru waliotabiri, wanasiasa wa Washington wakauliza ni nani aliyeipoteza China, kana kwamba ilikuwa mali yao. Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alitangaza huko Wheeling, West Virginia, kwamba Wizara ya Mambo ya Nje imejaa wakomunisti.

Service alichunguzwa na kusafishwa mara kadhaa, lakini Desemba 1951 akafukuzwa. John Carter Vincent alilazimishwa kustaafu mwaka 1953. Davies alifukuzwa Novemba 1954, si kwa uhaini, maana hakupatikana nao, bali kwa kile kilichoitwa upungufu wa busara. Alikwenda Peru akafungua biashara ya samani. Service alishinda kesi yake mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1957, akarudishwa kazini, lakini hakuwahi kupewa ubalozi.

Nani alilipa gharama? Miongo minne baadaye, Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Vietnam, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba wao waliofanya maamuzi hawakuwa na wataalamu wa Asia wa kuwashauri, kwa kuwa walio bora walikuwa wamefagiliwa. Aliwataja hao watatu kwa majina.

Sasa tuje kwa Marie Yovanovitch. Aliingia katika utumishi wa nje mwaka 1986. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mogadishu. Alikuwa balozi Kyrgyzstan, kisha Armenia, na kuanzia 2016 Ukraine, akiwa ametumikia marais wa vyama vyote viwili. Mjini Kyiv alishikilia msimamo rasmi wa nchi yake wa kupinga rushwa. Mwezi Machi 2019, Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Ukraine, Yuriy Lutsenko, alidai katika gazeti moja la Marekani kwamba balozi huyo alimpa orodha ya watu wasioguswa. Wizara ilikanusha, na baadaye Lutsenko mwenyewe akageuza kauli. Lakini Rudy Giuliani, wakili binafsi wa Rais Donald Trump, na washirika wake walikwisha kuivalia njuga kampeni ya kumwondoa.

Usiku wa Aprili 24, baada ya hafla aliyoiandaa kumuenzi Kateryna Handziuk, mwanaharakati aliyekufa kwa kumwagiwa tindikali, Yovanovitch alipigiwa simu na kuambiwa apande ndege ya kwanza. Alipofika Washington, Naibu Waziri John Sullivan alimwambia kwamba hakuwa na kosa. Wiki chache kabla, wizara hiyo hiyo ilikuwa imemwomba aongeze muda wake hadi 2020!

Hapo ndipo mikasa hii miwili inapofanana. Mtu mwenye maslahi yake hueneza uvumi, mwanasiasa huukuza, na wakubwa wa wizara, ambao ukweli wanaujua, hunyamaza ili kulinda vyeo vyao. McCarthy peke yake hakuweza kumfukuza yeyote. Alihitaji mawaziri wenye kalamu. Mwaka 2019, Michael McKinley, mshauri wa Waziri Mike Pompeo na mwanadiplomasia wa miaka mingi, aliomba wizara itoe japo tamko la kumtetea Yovanovitch. Halikutolewa, naye akajiuzulu.

Adhabu ya namna hii humfikia mmoja na kusomwa na maelfu. Ofisa kijana aliye katika kituo cha mbali huona yaliyompata mkubwa wake, na anapokaa kuandika ripoti huanza kujiuliza si kipi kweli, bali kipi kitapendeza. Serikali inayomwadhibu mjumbe haizifuti habari mbaya. Hujiziba masikio tu, nazo hufika zikiwa zimechelewa.

Baada ya Yovanovitch kuondolewa Mei 2019, Marekani haikuwa na balozi kamili mjini Kyiv kwa takriban miaka 3. Ubalozi uliongozwa na makaimu. Balozi aliyefuata, Bridget Brink, aliidhinishwa na Seneti Mei 2022. Majeshi ya Urusi yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka tangu Februari.