Sera inavyoweza kukuza biashara changa: Mfano wa asali ya Tabora

KATIKA karne ya 19, misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliweka kituo Tabora. Hapo wafanyabiashara waliajiri wapagazi wapya na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari. Biashara changa za mkoa huo nazo zinahitaji kituo cha katikati: husaidiwa kuanza, lakini msaada hupungua zinapotaka kukua.

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliihesabu biashara yenye waajiriwa 5 hadi 49 kuwa ndogo, 50 hadi 99 kuwa ya kati, na 100 au zaidi kuwa kubwa. Hatua ngumu ni kutoka ndogo kwenda ya kati.

Mfano ni kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge. Ili kuanza, kinaweza kupata mafunzo SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, au mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Kikitaka kuwa kampuni, mahitaji hubadilika. Mnunuzi mkubwa hutaka asali iliyochujwa, yenye ubora ule ule, mwaka mzima. Asali huvunwa kwa msimu, hivyo kampuni hulazimika kuwalipa wafugaji wakati wa mavuno, kisha kuihifadhi hadi iuzwe. Mkopo mdogo hauwezi kubeba mzigo huo.

Kodi nayo ina uzito wake. Kodi ya makadirio, ambayo ukomo wake ulipandishwa mwaka 2019 hadi mauzo ya Sh100 milioni kwa mwaka, ni ya mfanyabiashara binafsi. Akisajili kampuni, hutakiwa kutunza hesabu kamili na kulipa asilimia 30 ya faida. Kwa hesabu hiyo, kubaki mdogo huweza kuonekana nafuu.

Serikali inaweza kuziba pengo hilo kwa kuipa kampuni mpya miaka michache ya kupanda ngazi za kodi taratibu, kujenga mitambo ya pamoja ya kuchuja asali, na kuifanya asali iliyo ghalani kuwa dhamana ya benki kupitia mfumo wa stakabadhi uliowekwa kisheria mwaka 2005. Bila hatua hizo, mikopo ya kuanzia itaendelea kuzaa vikundi vingi na kampuni chache.