Mara: Kalenda ya Majina

Wajapani wamezipa zama zao majina ya makao ya watawala: Nara, Heian, Kamakura, Edo. Ukijua mtawala aliketi wapi, umeijua karne. Kanuni hiyo ukija nayo Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, Tanzania, utarudi mikono mitupu. Nadhani ndiyo maana masimulizi mengi ya historia ya Ziwa Victoria hukaa sana Buganda, Bunyoro na Karagwe, kisha huiruka Mara kana kwamba watu wake waliletwa na Wajerumani. Historia walikuwa nayo. Walichokosa ni wafalme, basi.

Miongoni mwa wa mwanzo tunaowajua ni wavuvi na wawindaji wa kale waliofinyanga vyungu ambavyo wanaakiolojia huviita vya Kansyore. Baadaye wakaja wakulima wa lugha za Kibantu na mtama na ulezi wao, Wataturu na mifugo, na Wajaluo wakiteremka kutoka kaskazini. Walioana, na wakaibiana ng'ombe pia.

Waikizu, upande wa Bunda, husimulia habari za mwindaji Isamongo, mwenye siri ya moto, aliyekutana na Nyakinywa, mwanamke kutoka Kanadi, Usukumani, mwenye siri ya mvua. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa mtemi. Kwingineko neno la mwisho lilikuwa la wazee, la waleta mvua na la rika. Kwa Wakurya majina ya vizazi, kama Abasaai na Abamaina, huzunguka na kurudi. Mzee akikutajia kizazi cha babu yake, amekupa tarehe.

Maafa nayo yaliacha majina. Nyerere, kwa Kizanaki, lugha ya Wazanaki wa Butiama, ni kiwavi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa viwavi, takriban 1860, aliitwa hivyo. Wakati huo Japani ilikuwa na miaka michache tu tangu manowari za Marekani ziilazimishe kufungua bandari zake. Huku manowari hazikuja, lakini yalikuja makubwa zaidi. Katika miaka ya 1880 na 1890 Wamasai walivamia, sotoka ikamaliza ng'ombe, ndui na njaa vikamaliza watu. Vijiji vikahama, koo zikachanganyika, watoto wakakimbizwa kwa jamaa wa mbali ili wapate kula. Kwangu mimi, hapo ndipo historia ya Mara ilipokatika vipande viwili, si siku bendera ya Ujerumani ilipopandishwa. Mjerumani aliwakuta watu waliokwisha kuvunjika.

Naye alitaka chifu wa kumkusanyia kodi. Kwa Wazanaki hakumkuta, akamtengeneza. Mwaka 1915 uchifu ulimfikia Nyerere Burito wa Butiama, yule mtoto wa mwaka wa viwavi, na Waingereza walipoingia wakaendelea naye hadi alipofariki 1942. Aprili 1922 mke wake wa tano, Mgaya, alijifungua siku ya mvua, mtoto akapewa jina la mzimu wa mvua: Kambarage. Ndiye Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanganyika. Husimuliwa kwamba Makongoro, mtemi wa Ikizu, alimwona kijana huyo akicheza bao kwa akili nyingi, akamsihi babaye ampeleke shule. Mwaka 1934, wakati wengine walikuwa wakikimbilia dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma.

Yaliyofuata nchi nzima inayajua, ila moja husahaulika: mwaka 1963 serikali ya mtoto huyo wa chifu iliufuta uchifu Tanganyika nzima. Kwa Wazanaki ulikuwa haujatimiza hata miaka 100. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama chake, TANU, ilikutana Musoma, ikatoa Azimio lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977.

Kambarage alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama siku tisa baadaye, mahali paitwapo Mwitongo. Maana yake ni mahame.