Dirisha lisiloonyesha kitu

Mshauri anapomwambia mtu, "Bado uko katika kipindi cha dirisha," neno lenyewe humchanganya. Dirisha, tulilolipata kwa Waajemi, kwetu ni pa kuchungulia na kupitisha upepo. Hapa maana imegeuka: virusi vya Ukimwi huenda vimeshaingia mwilini, ila kipimo hakijaweza kuviona.

Ukiwa Nanighi, kando ya Mto Tana, mto wenyewe unalieleza jambo hili vizuri zaidi. Mvua kubwa imenyesha huko Mlima Kenya, na huku chini Tana bado umetulia. Kina mama wanachota maji kwa madumu, matope hayajapanda ukingo. Furiko liko njiani. Anayesema asubuhi hiyo kwamba mto ni salama hakusema uongo, amewahi mno.

Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni hutafuta kingamwili, askari ambao mwili huwaunda dhidi ya virusi, nao huchukua siku 23 hadi 90 kuonekana. Kwa hiyo mstari mmoja kwenye kipimo, yaani kingamwili hazijaonekana, wiki moja baada ya kujamiiana bila kinga, hausemi lolote kuhusu usiku ule. Rudi ukapime baada ya miezi 3, na hadi hapo tumia kondomu, kwani siku hizi za mwanzo ndizo virusi huwa vingi mno. Kama saa 72 hazijapita tangu usiku huo, kimbilia kituo cha afya leo hii: kuna dawa za kinga za siku 28.

Mimi kipindi hiki ningekiita siku za kungoja. Mama yeyote wa Garsen, chini zaidi kwenye mto huohuo, angeelewa mara moja.